Mkono Uliotafutiwa Mwenyewe

Harufu ya kiganja kilichofumbwa muda mrefu haina jina lake. Ina kidogo cha maziwa yaliyochacha, kidogo cha kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo, na kitu kingine ambacho ukikivuta vizuri puani utaacha kula siku nzima. Mama Vifungo aliijua harufu hiyo kama anavyoijua sauti ya mlango wake. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda cha mumewe, beseni la maji ya vuguvugu mapajani, akaifungua ngumi ile taratibu, na kila asubuhi tumbo lilimpanda mpaka kooni. Ngozi ya ndani ilikuwa nyeupe na laini, imelainika kwa unyevu hadi ukiisugua inatoka vipande. Alihema kwa mdomo, akatazama ukuta, akaosha.

Mtu asimdanganye mwenzake kwamba mapenzi huondoa kinyaa. Yeye alimpenda yule mwanamume, na kiganja chake kilimtia kichefuchefu, na hakuona ajabu mambo hayo mawili kulala chumba kimoja.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Pasi, maana suruali iliyotoka kwake ilikuwa na mstari ulionyooka hata mvaaji awe amepinda miguu. Alikuwa nadhifu kupita kiasi. Hakugusa kitambaa cheupe kabla ya kunawa, na akishapeana mikono na wateja alinawa tena, wakimwona, bila kuwaomba radhi. Mkewe alikaa pembeni ya cherehani akishona vifungo na kupiga matundu yake, ndipo naye akapata jina. Walifanya kazi hivyo miaka mingi, wakibishana kuhusu uzi.

Kisha kiharusi kikampiga Pasi upande wa kulia wa ubongo, na mkono na mguu wa kushoto vikalala. Wengi hustaajabu kusikia hivyo, kulia kuharibika na kushoto kulala, lakini nyuzi za neva ndivyo zilivyopangwa: zikishuka kutoka kwenye ubongo, pale unapokutana na uti wa mgongo, nyingi huvuka na kwenda upande wa pili. Hilo lingekuwa msiba wa kawaida, kama msiba una kawaida. Kwa Pasi kulikuwa na jingine. Nyuma kidogo, juu ya sikio, ndiko ubongo unakoweka ramani ya mwili wenyewe: huu mguu wangu, huu mkono wangu, hapa ndipo ninapoishia. Kwenye ramani ya Pasi mkono wa kushoto ulikuwa umefutika. Aliuona kwa macho yake yote mawili, umelala kando yake, lakini ule uhakika ambao wewe na mimi tunao bila kuuomba, kwamba huu ni wangu, haukumjia hata chembe.

"Nesi!" alipiga kelele siku alipopata sauti. "Nani ameniwekea mkono wa maiti kitandani?"

Akaushika kwa mkono wa kulia, vidole viwili tu, kama mtu anayeokota panya, akautupa nje ya kitanda. Nusura naye aufuate sakafuni.

Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ile alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Hakushtuka hata kidogo. Alimfundisha Mama Vifungo kazi yake: usivute vidole kwa ncha, misuli itakaza zaidi na utaviumiza, kunja kiwiko cha mkono kwanza—hapana, alijisahihisha kwa kugusa mahali penyewe, kifundo hiki hapa kinachobeba kiganja—kikunje kuelekea ndani, toa kidole gumba, na ngumi italegea yenyewe. Osha, kausha katikati ya vidole, weka kitambaa kilichoviringishwa. Akamfundisha na jambo la mwisho, akilisema huku amemshika bega.

"Mama, usimuulize mkono ni wa nani. Mwambie. Ubongo wake una tundu hapo, na ubongo haupendi tundu. Ukimuuliza, atalijaza kwa chochote kilicho karibu."

Mama Vifungo aliitikia, akamrudisha mumewe nyumbani. Lakini nyumba yenye mgonjwa haina mlango. Wageni walikuja kumjulia hali, wakakaa, wakapewa maji, na pole zikishaisha mtu hujikuta hana la kusema. Ndipo mmoja akagundua mchezo. Hebu muulizeni huo mkono ni wa nani. Pasi akajibu kwa uso mkavu kwamba ni wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, kausahau. Siku nyingine ukawa wa daktari. Siku moja ukawa wa serikali, na wageni wakavunjika mbavu, mmoja akatoka nje akishika ukuta. Habari zikaenea, wakaja hata watu ambao Pasi alipokuwa mzima hawakuwahi kumsalimu. Mama Vifungo naye alicheka ile ya serikali. Katika nyumba ile kicheko kilikuwa kimeadimika, akakipokea bila kukikagua.

Wifi yake akaingia na begi lisilofungika zipu, amekuja kumuuguza kaka yake. Kumuuguza kwenyewe kulikuwa ni kukaa kwenye kiti karibu na mlango, simu sikioni, akiwatangazia ndugu wa mbali hali ya mgonjwa kwa sauti ambayo hata bila simu wangeisikia. Asubuhi beseni likipita, aliziba pua kwa upande wa nguo yake.

"Wifi, hii harufu, hivi mnamuosha kweli?"

"Njoo uoshe wewe, wifi."

"Mimi nina presha."

Uhusiano wa presha na kiganja Mama Vifungo hakuuelewa, na hakuuliza.

Basi siku moja mchana alikuwa nje anaanika mashuka, ambayo nyumba ile sasa ilikuwa ikiyatumia kama karatasi. Akamsikia mumewe anapiga kelele.

"Mtoeni fundi viatu kitandani kwangu! Mtoeni! Ananuka!"

Aliingia mbio, mikono inachuruzika maji. Pasi alikuwa anausukuma mkono wake wa kushoto, uso umemkunjamana kwa karaha. Wifi amesimama kando ya kitanda, kiganja mdomoni, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Umesikia mwenyewe," alisema wifi. "Sijasema mimi. Kasema mwenye kitanda."

Fundi viatu alikuwa mtu wa kisanduku na sindano nene, ameketi chini ya kibanda cha mbele ya duka la Pasi tangu duka lilipofunguliwa. Maneno yake kwa siku ungeweza kuyashika mkononi. Mama Vifungo akichemsha chai alimmiminia kikombe, kama alivyowamiminia wote waliokaa pale. Sasa kikombe hicho kilipanda kwenye simu ya wifi, kikaenda mikoa yote. Kumbe chai ile! Kumbe ndiyo maana! Na kila aliyesimuliwa alitia chumvi yake kidogo, akampasia mwingine.

Fundi viatu mwenyewe alikuja kumwona mgonjwa, na machungwa kwenye mfuko. Hakuwa amesikia lolote. Pasi alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umekuja kuuchukua mkono wako?"

"Mkono gani, fundi mwenzangu?" Akaweka mfuko chini, akanyoosha mikono yote miwili, imejaa rangi ya viatu. "Mikono yangu ni hii."

"Hiyo naiona. Na huu wa tatu? Umeulaza hapa kwangu, na umeuvalisha pete yangu ya ndoa."

Pete ilikuwepo kweli, imezama kwenye kidole kilichovimba. Fundi viatu akamtazama Mama Vifungo, Mama Vifungo akatazama sakafu, na wifi akatazama wote wawili akiwa ameacha hata kupepesa. Yule bwana aliaga kwa heshima. Kesho yake kisanduku chake hakikuwepo chini ya kibanda, wala siku zilizofuata.

Hapo Mama Vifungo akajua aina ya pili ya kinyaa. Ile ya kiganja ilitoka kwa sabuni. Hii ilimkaa kwenye ngozi. Akienda kuteka maji wanawake walinyamaza kidogo, kisha wakaongea habari za bei ya sukari kwa furaha isiyostahili sukari. Akipika, wifi alichungulia sufuria. Akimgeuza mumewe ili asipate vidonda vya mgongo, alihisi anatazamwa mikono, inagusa wapi, inagusa vipi. Alimchukia wifi yake hata kwa jinsi alivyotafuna.

Lakini kilichomvunja kilitoka kwa Pasi. Asubuhi moja alikuwa anamuosha kama kawaida, amekikunja kifundo, ametoa gumba, ngumi imefunguka na uvundo wake umepanda. Pasi akageuza shingo, akamwangalia kwa dharau ambayo hakuwahi kuiona katika ndoa yake yote.

"Osha," alisema. "Osha vizuri. Bwana wako huyo."

Mama Vifungo aliuacha mkono ukielea ndani ya beseni. Akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika mpaka akabaki anatoa maji matupu. Akasukutua. Kisha akarudi, akaukausha katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine, kwa sababu usipokauka unaoza.

Wifi hakupoteza muda. "Baba mdogo anakuja Jumamosi," alisema jioni ile, akichokoa meno. "Tumeongea. Kaka nitamchukua kwangu. Wewe, wifi, utarudi kwenu ukapumzike. Umechoka."

Neno lile, kupumzika, lilimtambaa mgongoni kama mende. Alilielewa vizuri. Angeondoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa matundu ya vifungo, aende kwao na begi, na nyuma yake ibaki hadithi kwamba alikuwa na fundi viatu hata mumewe akaona mkono. Na mumewe angekaa huko kwa mtu mwenye presha, ngumi imefumbwa, kucha zinachimba nyama. Kwa ukweli wote, hakujua lipi kati ya hayo lilimuuma zaidi.

Kesho yake alikwenda hospitali, akamngoja mtaalamu nje ya chumba cha mazoezi mpaka akatoka, akamweleza.

"Si kawaida yako kuja nyumbani kumfanyisha mazoezi kila Jumatatu?" alimaliza. "Safari hii njoo Jumamosi."

"Mama, mimi si wakili."

"Sikuiti uwe wakili. Njoo ufanye kazi yako mbele yao."

Yule mwanamke mfupi akafunga mlango wa chumba cha mazoezi. "Nani aliyemuuliza huo mkono ni wa nani?"

"Mtaa mzima."

Mtaalamu akatikisa kichwa, akasema neno moja ambalo si la kuandikwa, na Jumamosi akaja.

Baba mdogo wa Pasi alikuwa karani mstaafu, amevaa koti kwenye joto, na alikuwa amekwisha kaa na kusafisha koo kwa ajili ya hotuba. Mtaalamu alimwamkia, akaomba afanye mazoezi kwanza, mgonjwa asije akachoka. Baba mdogo hakuwa na jinsi ya kukataa. Pasi akaketishwa kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, kichwa kikageuzwa kuelekea kushoto.

"Mimi kwa kawaida simuulizi," mtaalamu aliwaambia. "Leo nitamuuliza, ili mwone, na baada ya leo asimuulize mtu tena."

Akauchukua mkono wa kulia wa Pasi, akauweka juu ya bega lake la kushoto. "Mzee, hapa ni wapi?"

"Begani kwangu."

Akautelemsha mpaka kwenye kiwiko. "Na hapa?"

"Kiwiko changu."

Akautelemsha tena mpaka kwenye kifundo. Pasi akasita. Vidole vyake vya kifundi vikazunguka pale vikipapasa, vikitafuta kitu.

"Hapa pana mshono," alisema. "Huyu ameungwa hapa. Na aliyeunga si fundi."

"Na baada ya mshono?"

"Fundi viatu."

Wifi akavuta pumzi kwa kelele. "Baba mdogo, si unasikia?"

"Ngoja," mtaalamu alisema, bila kumgeukia. "Mzee, mimi naona kama ni wangu. Nadhani niliusahau nilipokuja Jumatatu."

Pasi alimwangalia, akauangalia mkono, akafikiri kama anayepima kitambaa kwa macho. "Kweli," alisema. "Wako. Unanuka hospitali."

"Au wa baba mdogo?"

"Ee! Shikamoo, baba mdogo. Uchukue basi, mzito huu, unaniumiza bega."

Baba mdogo alijikuta anaikagua mikono yake, wa kwanza na wa pili.

"Au wa dada yako?"

Pasi akageuka polepole kumtafuta dada yake, na uso ukamkunjamana kwa ile karaha wote waliyoizoea. "Wa dada," alisema. "Ndiyo. Wewe, tangu lini unalala kitandani kwangu? Huoni haya? Na pete yangu umeivaa!"

Wifi alisimama kiti kikaanguka. "Kaka! Mungu wangu, kaka, unasema nini? Baba mdogo, huyu ni mgonjwa, hajui anachosema!"

"Ahaa," alisema baba mdogo.

Kutoka nje ilisikika ndoo ikijazwa.

"Jina lolote mtakalompa atalipokea," mtaalamu alisema. "Hadanganyi na wala hana wazimu. Ubongo wake unatafuta jibu ambalo haunalo, unachukua la kwanza."

Baba mdogo alikuwa ameisahau hotuba. Alimwinamia Pasi, akamuuliza kwa upole uliomshangaza hata Mama Vifungo. "Mwanangu, la fundi viatu ulilipata wapi?"

"Si kwa huyu?" Pasi alinyoosha kidole chake kizima kumwelekea dada yake. "Alikuja akaniuliza, huu si wa fundi viatu, yule mkeo anayempa chai? Nikautazama. Nikaona kweli, ndio wenyewe."

"Nilikuwa natania," wifi alisema. "Kila mtu alikuwa anamuuliza. Jamani, utani tu! Siku ile mlicheka wote!"

Mama Vifungo alikuwa amengoja neno hilo bila kujua analingoja, na alidhani likija litamtua mzigo. Halikumtua kitu. Alimwona wifi yake alivyokuwa, jasho juu ya mdomo, anatafuta macho ya kumwonea huruma, akamwonea kinyaa kilekile cha asubuhi ile nyuma ya nyumba. Akamtazama na mumewe, ambaye alikuwa amekwisha sahau mada na anafukuza nzi. Kwa mumewe pia alisikia kinyaa, hilo asingelificha, na kingechukua muda kuondoka, kama kingeondoka.

Baba mdogo akasafisha koo. "Basi, tumshukuru Mungu. Mambo ya ugonjwa haya. Tusameheane, yaishe."

"Hayajaisha, baba mdogo," alisema Mama Vifungo. "Mkono haujaoshwa leo."

Alitoka, akarudi na beseni, sabuni na taulo. Akapita mbele ya mtaalamu, akapita mbele ya mumewe, akaliweka beseni juu ya mapaja ya wifi yake, maji yakaruka kidogo.

"Mimi nina pre—"

"Osha," alisema baba mdogo.

Mtaalamu akavuta kiti karibu. Alikuwa na kazi ya kufundisha, na hakuonyesha kufurahia, ingawa sauti yake ya zamu ilikuwa imepanda. "Usivute vidole. Kunja kifundo kwanza. Ndani, taratibu. Sasa gumba. Hivyo. Ona, inafunguka."

Ngumi ikafunguka. Harufu ikapanda na kuingia chumbani kama mtu wa nyumbani. Wifi akageuza uso, mabega yakamruka, akaguna kutoka tumboni.

"Usigeuke," mtaalamu alisema. "Katikati ya vidole ndiko kunakooza. Na kuanzia leo, anayeosha anamwambia. Hakuna kuuliza. Anamwambia kwa sauti, kila siku, huu ni mkono wako wa kushoto."

"Nani ataosha kila siku?" aliuliza wifi, anahema kwa mdomo.

Mama Vifungo alikwenda dirishani, akafungua mabawa yote mawili ya dirisha mpaka mwisho. Bombani wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao, na walioona dirisha linafunguliwa wakaacha kuongea.

Wifi aliinama juu ya beseni. "Huu ni mkono wako, kaka," alinong'ona.

"Unasema?" Pasi akauliza.

"Sauti, wifi," alisema Mama Vifungo. "Habari za fundi viatu ulizitoa mpaka mtaa wa pili ukasikia."